Bei Ilisikika Hadi Nyasa

Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja. Watu wa visiwani hawakuwa na desturi ya kuogopa vimbunga. Tuko karibu na ikweta, na dhoruba kubwa za Bahari ya Hindi kwa kawaida hupita mbali kusini, upande wa Bukini. Siku ile vyombo vilizama bandarini, vikiwemo vya Sultani Barghash mwenyewe, na huko mashamba karibu theluthi mbili ya mikarafuu ililala chini. Pemba, kilomita 50 hivi kaskazini, ilinusurika kwa sehemu kubwa.

Kilichofuata baada ya upepo kutulia ndicho kinachonishughulisha. Karafuu ziliadimika, bei ikapanda. Waya wa simu ulikuwa bado haujafika Zanzibar, ungefika mwaka 1879, kwa hiyo habari zilisafiri kwa meli. Lakini mpishi wa Bombay hakuhitaji kusikia habari za kimbunga. Alifika dukani, akakuta karafuu ghali, akatia punje mbili kwenye pilau badala ya nne. Mwenye shamba wa Pemba naye hakuhitaji kujua nani anakula karafuu zake huko duniani. Aliona bei, akaita watu wafyeke msitu.

Mwaka 1945 Friedrich Hayek aliandika makala ambayo kila mwanafunzi wa uchumi hukutana nayo mapema au baadaye. Mfano wake ulikuwa madini ya bati. Tuseme bati limeadimika ghafla. Watumiaji wake hawana haja ya kujua sababu. Bei ikipanda kila mmoja atabana matumizi, na maelfu ya watu wasiojuana watafanya jambo linalofaa bila yeyote kuwaamuru. Kwa Hayek bei ni mfumo wa kupeleka habari. Sijaona mfano unaomfaa kuliko karafuu za 1872, na nashangaa kwamba darasani tunaendelea na bati.

Mwaka 1970 Eugene Fama wa Chuo Kikuu cha Chicago alikusanya hoja nyingine iliyo jirani: katika soko fanisi la mitaji, bei ya hisa huwa tayari imebeba habari zinazojulikana, hivyo ni vigumu mtu kulishinda soko kila mara. Hayek alizungumzia jinsi vitu vinavyogawanywa, Fama alizungumzia kama bei inaweza kubashiriwa. Sisi wanafunzi tunazichanganya hoja hizi mbili chini ya neno moja, ufanisi, na kwa Kiswahili neno hilo limekwisha kubeba dua ndani yake. Tunaandikiana kwenye kadi za harusi: heri, fanaka na ufanisi. Mtu akikuambia soko ni fanisi, unahisi umeambiwa habari njema.

Basi turudi Pemba. Bei mpya iliwafikia wenye mashamba, wakakopa kwa wafanyabiashara wa Kihindi, wakapanua mashamba. Karafuu ni zao la mikono. Mti ni mrefu, kichwa cha karafuu kinachumwa kabla hakijachanua, na ukichelewa siku chache zimeharibika. Halafu ziambuliwe makonyo, zianikwe kwenye majamvi, ziingizwe mvua ikitishia. Hakuna mashine iliyofanya kazi hiyo wakati ule. Shamba kubwa lilitaka watu wengi, na katika Pemba ya miaka ya 1870 watu wengi maana yake ilikuwa watumwa.

Kimbunga kilikuja mwaka mmoja tu kabla ya Uingereza kumshurutisha Barghash kutia sahihi mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, uliofunga soko la watumwa la Unguja na kupiga marufuku kuwasafirisha kwa bahari. Kwa maandishi, biashara ilikwisha. Kwa bei, ilikuwa imepata nguvu mpya. Misafara iliyokuwa ikishuka Kilwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa, ambako mateka walipandishwa majahazi, sasa ilipinda kaskazini kwa miguu. Watu walitembezwa Mrima nzima, mito kwa mito, mpaka mahali panapokabiliana na Pemba. Huko walisubiri usiku wa giza, wakavushwa kwa vyombo vidogo. Tangazo la Barghash la 1876 lilipiga marufuku misafara hiyo ya nchi kavu pia. Tangu 1874 Waingereza waliiweka manowari ya London bandarini Unguja kama kituo cha mashua za doria, na mwezi Desemba 1881 nahodha wake, Charles Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba alipokuwa akikagua jahazi lililobeba watumwa. Ujumbe ulikuwa bado unasafiri, miaka tisa baada ya upepo.

Nikiifuata njia hiyo nyuma, kutoka kwenye jamvi la karafuu hadi jahazini, hadi Kilwa, hadi kijiji kilichovamiwa bara, naona mfumo wa habari wa Hayek ukifanya kazi barabara. Upungufu Unguja, bei Bombay, mkopo Pemba, mtego Nyasa. Mama aliyekamatwa kwenye shamba lake la mtama hakuwahi kuona karafuu maishani mwake. Naye pia hakuhitaji kujua chochote kuhusu kimbunga.

Najua jibu la Chicago, nimelisikia kwenye semina. Utumwa si soko huru, kwa sababu anayeuzwa hakukubali kuuzwa. Ni wizi uliovaa nguo za biashara. Kama maana ya neno, sina ubishi. Lakini bei haikuwa na mahali pa kuandika tofauti hiyo. Soko lilisikia vizuri sana, ila lilisikia sauti za wenye cha kulipia tu. Ndiyo maana mtu akiniuliza kama masoko ni fanisi najikuta nauliza kwanza: fanisi katika kufanya nini, na juu ya mabega ya nani?

Hata kwa waliosikika, soko hili lilikuwa na ugonjwa mwingine, na huo ni wa zamani kuliko kimbunga.

Karafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, katika Indonesia ya leo. Katika karne ya 17 kampuni ya Waholanzi ya Uhindi ya Mashariki iliamua kwamba njia bora ya kulinda bei ni kung'oa mikarafuu kila mahali isipokuwa pale inapoweza kulindwa, hasa Ambon. Askari walizunguka kwa mashua wakikata miti ya watu. Ukiritimba huo uliishi muda mrefu, mpaka mnamo 1770 ambapo Mfaransa Pierre Poivre alifanikisha miche kuibwa na kupandwa Mauritius. Kutoka visiwa vya Wafaransa karafuu zilifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na anayetajwa sana kuzileta ni Mwarabu wa Oman, Saleh bin Haramil al-Abry. Kwa hiyo mti wenyewe ulifika kwetu kwa magendo. Tukumbuke jambo hili, tutalihitaji.

Ulipofika, bei ilikuwa bado bei ya ukiritimba wa Waholanzi. Faida ilikuwa kubwa mno. Seyyid Said bin Sultan aliona hivyo, na inasimuliwa aliamuru kila mwenye shamba apande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi. Sidhani amri ilihitajika sana. Kila aliyeweza alipanda. Minazi ilikatwa kupisha mikarafuu. Wanahistoria wengine wanaiita hali ile ya miaka ya 1830 wazimu wa karafuu, na naelewa kwa nini, ingawa neno wazimu linanikera kidogo.

Linanikera kwa sababu ya hesabu ya mti. Mkarafuu huchukua miaka 6 hadi 8 kabla ya kuanza kuzaa, na baada ya hapo unaishi miongo mingi, ukizaa sana mwaka mmoja na kukugomea miwili au mitatu. Mtu anayepanda anaangalia bei ya leo kuamua kuhusu sokoni pa miaka minane ijayo. Jirani yake anaangalia bei ileile. Kwa muda wa miaka minane bei inaendelea kuwa nzuri, kwa kuwa miti yote mipya bado ni fito, na kila msimu unaopita unamthibitishia mpandaji kwamba alikuwa na akili. Kisha miti yote inazaa pamoja. Katika miaka ya 1840 bei ya frasila ilianguka chini ya nusu ya ile iliyowafanya watu wapande. Na mti uliokwisha kuzaa haukatwi kwa sababu ya bei ya mwaka mmoja. Uliukopea, umeungoja, unabaki nao.

Wachumi wanaiita hali hii utando wa buibui, kwa sababu ukiichora kwenye mistari ya ugavi na mahitaji unapata mchoro unaozunguka kama utando. Makala maarufu ya Mordecai Ezekiel kuhusu jambo hilo ilitoka mwaka 1938. Mwaka 1961 John Muth aliipinga: mkulima si mjinga kiasi hicho, naye anajua wenzake wanapanda, naye anaweza kukisia bei ya kesho. Kwa mikarafuu ya Unguja nadhani kila mmoja ana nusu ya ukweli. Mpandaji hakuwa mjinga. Kupanda miti kulikuwa pia njia ya kushika ardhi. Asiyepanda leo angekuta kesho pameshapandwa na mwingine. Hata aliyebashiri kwamba bei itaanguka alikuwa na sababu nzuri ya kupanda. Ukijumlisha watu wenye sababu nzuri unapata kisiwa kizima kilichojaa zao lisilolipa, chenye minazi pungufu, na madeni.

Madeni hayo hayakwisha. Mwaka 1897 utumwa ulifutwa kisheria Unguja na Pemba, na fidia walilipwa mabwana. Waliotumikishwa walipewa uhuru wa kwenda kuchuma karafuu zilezile kwa malipo ya pishi. Mashamba yaliendelea kuwekwa rahani, na kufikia miaka ya 1930, bei ya dunia ikiwa imeporomoka, serikali ya kikoloni ilitangaza kwamba inamwokoa mkulima na mdai wake. Sheria za 1934 zilizuia kuhamisha ardhi kwenda kwa wadai na kukipa nguvu Chama cha Wakulima wa Karafuu. Mwaka 1937 chama hicho kilipewa ukiritimba wa kununua zao. Wafanyabiashara wa Kihindi wa Zanzibar waliona wanafukuzwa kwenye biashara waliyoijenga kwa vizazi.

Hapa ndipo yule mpishi wa Bombay anaporudi. India ilikuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu zetu. Chama cha Congress kiliwataka watu wasusie karafuu za Zanzibar, na kuanzia 1937 hadi Mei 1938 wakasusia kweli. Karafuu zilikuwepo, bei haikuwa tatizo, na mtu aliingia dukani akatoka bila kununua kwa sababu ya sheria iliyowaumiza watu asiowajua kwenye kisiwa ambacho hajawahi kukiona. Mwaka 1872 alisikiliza bei peke yake. Mwaka 1937 alisikiliza kitu kingine, na kisiwa kilitikisika kuliko ambavyo maombi yoyote ya maandishi yangekitikisa. Serikali ilirudi mezani. Mapatano ya Mei 1938 yalilegeza ukiritimba na kuwarudisha wafanyabiashara kwenye usafirishaji.

Wachumi wana namna ya kuliingiza hili kwenye kitabu: wanasema mnunuzi alikuwa na pendeleo la mshikamano, na alilitosheleza. Ni sawa na kusema aliyefunga Ramadhani alikuwa na pendeleo la njaa. Lakini sitaki kumpamba mpishi wangu kupita kiasi. Mshikamano wake ulikuwa na wafanyabiashara na wakopeshaji. Mkulima mdogo wa Pemba, ambaye sheria ilitungwa kwa jina lake, alikaa msimu mzima na mzigo wake, akidaiwa vilevile.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 ukiritimba ulirudi, safari hii wa Waafrika wenyewe. Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, lilianzishwa mwaka 1968, na mkulima hakuruhusiwa kumuuzia mwingine. Muda si mrefu bei ya dunia ilipaa. Fedha za karafuu zilijenga majumba ya Michenzani, zikaleta televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Tanzania Bara haikuwa na televisheni kabisa. Mkulima alilipwa sehemu ndogo sana ya bei ile. Ng'ambo ya pili, pwani ya Kenya, usiku mmoja wa mashua, kulikuwa na watu waliokuwa tayari kulipa zaidi, kwa fedha yenye thamani.

Mwaka huohuo wa 1968 Gary Becker, naye wa Chicago baadaye, alichapisha makala kuhusu uchumi wa uhalifu. Mtu huvunja sheria, alisema, akiona faida inazidi uzito wa adhabu ukizidisha na uwezekano wa kukamatwa. Zanzibar ya Karume iliijaribu nadharia hiyo hadi mwisho wake: magendo ya karafuu yaliwekewa adhabu ya kifo. Karafuu ziliendelea kuvuka. Mkondo wa Pemba una giza la kutosha, na kila kijiji kilikuwa na mtu anayejua bahari.

Marehemu bibi yangu mzaa mama, aliyekuwa na mikarafuu michache nje ya Wete, hakuwahi kutumia neno magendo. Alisema tu, "Mwaka ule zilivuka." Neno magendo lilikuwa la redio. Nilipomuuliza kama watu hawakuogopa, alinijibu kwamba waliogopa sana, lakini aliyechuma karafuu zake mwenyewe na kuambiwa si zake alikuwa ameshaudhika kabla hajaogopa. Hilo Becker hakulitia kwenye mlinganyo wake. Mtu wa Pemba hakuwa akipiga hesabu ya bei peke yake. Alikuwa akijibu kunyang'anywa, na alikuwa na deni la shukrani kwa nduguye wa Shimoni au Mombasa aliyempokea. Ingawa lazima niseme pia: bei ya Mombasa ilipopungua, kuvuka nako kulipungua. Hasira ilikuwepo mwaka mzima, mashua ziliondoka kwa msimu.

Nani alikuwa akilipa bei hiyo kubwa? Ni wavutaji wa Indonesia. Katika mji wa Kudus, Java, mwishoni mwa karne ya 19 watu walianza kuchanganya tumbaku na karafuu kwenye sigara wanazoziita kretek, na sigara hizo zikaja kumeza sehemu kubwa ya karafuu zote duniani. Nchi ambayo Waholanzi waliikata mikarafuu ilikuwa inanunua karafuu Zanzibar, kutoka kwenye miti ya ukoo wa ile miche iliyoibwa kwake. Serikali ya Jakarta ilichoka na gharama hiyo. Katika miaka ya 1970 Waindonesia walipanda mikarafuu kwa wingi. Miaka minane, tukumbuke. Katika miaka ya 1980 miti ikazaa, mnunuzi wetu mkuu akajitosheleza, na bei ya dunia ikaporomoka vibaya.

Zanzibar tulikutwa na miti ya wazee wetu. Katika miaka yote ya bei nzuri mkulima hakupanda upya, kwa sababu bei nzuri haikumfikia. Shirika lilipokea ujumbe likauweka ofisini. Soko huru la 1830 lilipiga kelele moja kwenye masikio ya wote na kuwafanya wapande kupita kiasi. Shirika la 1975 liliziba masikio ya wote na kuwafanya wasipande kabisa. Indonesia nao hawakuwa na busara zaidi. Walipozidiwa na karafuu zao wenyewe, mwanzoni mwa miaka ya 1990 Rais Suharto alimpa mwanawe Tommy ukiritimba wa kuzinunua, na wakulima wa huko wakaonja tuliyoyaonja, hadi IMF ilipoweka kuvunjwa kwa ukiritimba huo kuwa sharti la mkopo mwaka 1998.

Tangu mwaka 2011 hivi mambo yamebadilika kwetu. ZSTC bado ndiye mnunuzi pekee, lakini sera ni kumlipa mkulima asilimia 80 ya bei ya kuuzia nje, na miche hugawiwa bure. Mashua zinazovuka zimepungua, na katika mikutano maofisa husema ni kwa sababu ya uzalendo.

Mjomba wangu alichukua miche 30 katika ugawaji mmoja. Kwa kuwa mimi ndiye nasoma uchumi, aliniuliza bei itakuwa kiasi gani itakapoanza kuzaa. Nilimweleza habari za kretek na kodi ya sigara Jakarta, na kwamba wavutaji wa huko wanaweza kuongezeka au kupungua. Alinisikiliza kwa adabu. Kisha akaniambia kwamba siku ile ya kugawa miche foleni ilifika barabarani, akahesabu watu, akarudi nyumbani na kupanda 15. Iliyobaki alimpa jirani, na pale palipobaki wazi ameweka migomba.